CD45 kwenye kipimo cha CD4: ndani ya seli inafanya kazi gani hasa?

MaabaraTororo

Salaam wakubwa kwa wadogo.

Nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali huku mashariki. Tukipima CD4 kwa mashine ya floo (inayohesabu seli mojamoja kwa mwanga wa leza) tunaweka kwenye damu kingamwili tatu zilizochanganywa tayari: CD3 yenye rangi ya FITC, CD4 yenye PE, na CD45 yenye PerCP. CD3 naielewa, ni sehemu ya kipokezi cha seli T. CD4 hapa Uganda hata mwendesha bodaboda anayebeba sampuli zetu anaijua, kwamba virusi vya Ukimwi hupitia hapo. Hiyo ya tatu ndiyo inayonitatiza. Karatasi inayokuja na kifurushi cha kipimo inasema ni alama ya seli nyeupe, basi.

Juzi mwanafunzi aliye kwetu kwa mafunzo ya kazi akaniuliza: "Lakini seli yenyewe inaibeba ya nini? Haikutengeneza protini hiyo ili sisi tuweke geti, yaani mpaka wa seli za kuhesabu kwenye skrini." Nikaingia mtandaoni. Nimekuta jeni yake inaitwa PTPRC na kwamba CD45 ni fosfatesi ya tairosini, yaani kimeng'enya kinachoondoa fosfati kwenye tairosini (aina ya asidi amino) za protini nyingine.

Hapo nimekwama. Chuoni tulifundishwa kwamba kainesi huongeza fosfati na kuwasha ishara, na fosfatesi huiondoa na kuizima. Kama ni hivyo, seli T ambayo utando wake umejaa CD45 ingekuwa imezimwa usiku na mchana. Tena nasoma kwamba mtoto akizaliwa bila CD45 anakosa kinga. Sasa ni kizima ishara au kiwasha ishara? Ijumaa nina kipindi na wanafunzi na nataka niwape jibu lililosimama. Naomba iwe kwa Kiswahili, kwa sababu nusu ya darasa langu wametoka ng'ambo ya mpaka na hicho ndicho tunachosikilizana nacho.

BiolojiaMbale

Kaka, nianze kwa ufupi, wengine wataongeza.

Hiyo kanuni ya kuwasha na kuzima ina historia. Fosfati juu ya tairosini ilionekana kwanza mwaka 1979 katika maabara ya Tony Hunter, Taasisi ya Salk, Marekani, na miaka iliyofuata kila mtu alikuwa akiwinda kainesi. Fosfatesi zikaonekana kama wafagiaji tu. Ya kwanza kusafishwa vizuri, PTP1B, ilitolewa kwenye kondo la nyuma la binadamu. Kazi hiyo ilitangazwa 1988 na Nicholas Tonks akiwa kwenye maabara ya Edmond Fischer kule Seattle. Walipousoma mpangilio wake wa asidi amino wakakuta unafanana na sehemu ya ndani ya protini iliyokuwa ikijulikana kwa miaka kama alama ya seli nyeupe. Protini hiyo ni CD45 yako. Kwa hiyo mnavyoitumia nyinyi maabarani ndivyo sayansi ilivyoijua mwanzo. Jina lilitangulia, kazi ikajulikana baadaye.

Leo tunahesabu jeni zaidi ya 100 za familia hii kwa binadamu, na kainesi za tairosini ni kama 90. Kundi kubwa kiasi hicho haliwezi kuwa na kazi moja ya kufagia. Uliza kwanza fosfati inaondolewa kwenye tairosini ipi.

MamaMaabara_Arua

Mwanangu wa Tororo, huyo mwanafunzi wako mshike vizuri, ana macho.

Nimekaa kwenye mashine ya CD4 tangu enzi ambazo namba ile ndiyo iliyoamua nani aanze dawa na nani angoje. Mstari wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa seli 200 za CD4 kwa mikrolita ya damu, mwaka 2010 ukapanda hadi 350, mwaka 2013 hadi 500, na 2015 ukaondolewa kabisa, kila aliye na virusi akaanza dawa. Katika miaka ya 350, mama ametoka Maracha alfajiri na mtoto mgongoni, jibu linasoma 370, anaambiwa arudi nyumbani. Namba yenye uzito huo sikuweza kuisaini bila kujua kila kilichoingia ndani yake, na ndivyo nilivyoanza kusoma habari za CD45. Sasa tega sikio, ni ndefu.

Kwanza kwa nini watengenezaji waliichagua. Iko nyingi mno: kwenye limfosaiti (seli nyeupe ambazo seli T na B ni miongoni mwao) inaweza kuchukua hadi asilimia 10 ya uso wa seli. Karibu seli zote za damu zenye kiini zinaibeba, lakini seli nyekundu iliyokomaa haina, na chembe sahani haina. Kwa hiyo hata kama seli nyekundu hazikupasuka zote, au damu ina uchafu, ukiiamuru mashine ihesabu chenye CD45 pekee, takataka zinabaki nje. Limfosaiti ndizo zinazong'aa kuliko zote kwa CD45 huku mtawanyiko wao wa pembeni (mwanga wa leza unaotawanywa na chembechembe za ndani ya seli) ukiwa mdogo, ndiyo maana kwenye skrini zinakaa kundi peke yao.

Sasa ingia ndani ya seli T. Acha CD45 kidogo, mtazame LCK. Hii ni kainesi, na imejishika kwenye mkia wa CD4. Ndiyo, CD4 ileile unayoihesabu: sehemu yake iliyo ndani ya seli imefungwa na LCK kwa ioni ya zinki katikati yao. Kipokezi cha seli T chenyewe hakina uwezo wa kuongeza fosfati. Kinamtegemea LCK aje aweke fosfati kwenye mikia ya CD3 na ya zeta, sehemu nyingine ya kipokezi hicho. Mikia hiyo kwa jumla ina mahali 10 pa kupokea fosfati, kila mahali pakiwa na tairosini mbili. Fosfati zikikaa hapo, kainesi nyingine iitwayo ZAP-70 inakuja kushika, inaipa fosfati protini ya LAT, kalsiamu inapanda ndani ya seli, jeni ya IL-2, kichochezi cha seli T kugawanyika, inafunguka na seli inaanza kugawanyika. Bila LCK hakuna kinachoanza.

LCK ana tairosini mbili za kukumbuka, na kipindi chako cha Ijumaa kijenge juu ya hizi. Ya kwanza ni namba 505, karibu na mwisho wa mkia. Kainesi iitwayo CSK ikiweka fosfati pale, mkia unajikunja na kushikwa na mwili wa LCK mwenyewe, na LCK anafungika, hafanyi kazi. Ya pili ni namba 394, iliyo kwenye eneo la kazi. Fosfati ikikaa pale LCK anakuwa mkali kabisa.

CD45 huondoa fosfati ya 505. Umeona? Imeondoa fosfati, lakini iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa imemfunga LCK. Matokeo yake LCK anafunguka na kuwa tayari. Kwa hiyo fosfatesi hapa inawezesha ishara. Ilidhihirika 1989, pale seli T za maabarani zilizopoteza CD45 zilipokataa kugawanyika zikipewa antijeni yao, yaani kitu kigeni zinachokitambua. Ushahidi unaonipendeza zaidi ulikuja 1999 kwa panya. Panya wasio na CD45 seli zao T hukwama ndani ya thaimasi, tezi ya kifuani ambamo seli T hukomaa, na zinazokomaa ni chache. Watafiti wakawapa LCK aliyebadilishwa tairosini ya 505 ili isiweze kupokea fosfati, na seli T zikaanza tena kukomaa. Maana yake sehemu kubwa ya shida ya kukosa CD45 ilikuwa ni fosfati ile moja tu. Na watoto uliowasoma ni wa kweli: mwaka 2000 alielezwa mtoto mchanga ambaye nakala zote mbili za PTPRC zilikuwa na kasoro. Seli T zake zilikuwa chache, na seli B, ingawa hazikupungua idadi, hazikufanya kazi ipasavyo. Ni upungufu mkali wa kinga wa kurithi, tofauti kabisa na huu wetu wa virusi.

Lakini hapo ni nusu tu, na wengi huishia hapo. CD45 hiyohiyo inaweza kuondoa fosfati ya 394 pia, na hata zile za mikia ya CD3. Huko inazima. Kwa panya waliotengenezwa wakiwa na viwango tofauti vya CD45 ilionekana wazi: bila CD45 ishara haipiti, ikiwepo kidogo ishara inaweza hata kuwa kali kuliko kawaida, kwa sababu fosfati ya 505 imeshaondoka ilhali ile ya 394 inabaki, ikiwa ya kawaida, mambo yanasawazika. Kwa hiyo ukiulizwa ni kiwasha au kizima, jibu kwamba inategemea tairosini ipi, na CD45 iko wapi wakati huo.

Hilo la "wapi" ndilo lililonivutia kuliko yote. Seli T inapokutana na seli inayomwonyesha antijeni, tando mbili hukaribiana sana mahali pa mguso. Kipokezi cha seli T kikishikana na mwenzake, nafasi inayobaki kati ya tando ni kama nanomita 15. CD45 upande wake wa nje ni mrefu, zaidi ya nanomita 20, na umejaa sukari. Haitoshei. Inasukumwa pembeni, kama mtu mrefu anayebaki nje ya mlango wa nyumba ya nyasi kule kwetu Koboko. Pale katikati LCK aliyekwisha kufunguliwa anabaki na kipokezi bila fosfatesi jirani, fosfati zinadumu kwenye mikia ya CD3, na ishara inaondoka. Wazo hili linahusishwa sana na Simon Davis na Anton van der Merwe wa Oxford. Seli ikiwa imepumzika, CD45 iko kila mahali na hufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja: inamweka LCK tayari na inafuta fosfati za bahati mbaya, seli isije ikajiwasha bila adui.

Rudi sasa kwenye swali lako, seli iliyojaa CD45 mbona haijazimwa. Imetulizwa, na papo hapo imeandaliwa. Mimi naona hii ni kati ya kazi nzuri kabisa ndani ya mwili wa binadamu, na inanisikitisha kwamba kwenye karatasi ya kifurushi cha kipimo imepewa mstari mmoja.

Mambo mengine nitayapita haraka. Jeni PTPRC iko kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 1. Upande wa ndani wa CD45 una maeneo mawili ya fosfatesi lakini la kwanza ndilo lenye kazi. Hufanya kazi kwa sisteini moja (asidi amino nyingine) inayoipokea fosfati kwa muda kabla maji hayajaiachilia. Na haihusiki na LCK peke yake, hugusa kainesi za ndugu zake kwenye seli B, na za kundi la JAK pia.

MaabaraTororo

Mama, shikamoo, na asante sana. Nimeisoma taratibu nikachora LCK kwenye karatasi na tairosini zake mbili, sasa inaingia.

Nina la nyongeza. Kwenye orodha ya kingamwili naona CD45RA na CD45RO. Ni jeni nyingine au ni hiyohiyo? Na je, inahusiana na wagonjwa wetu kwa namna yoyote, au ni mambo ya watafiti tu?

BiolojiaMbale

Jeni ni hiyohiyo moja. RNA yake hukatwa na kuunganishwa kwa namna tofauti: eksoni (vipande vya jeni) za 4, 5 na 6 zinaweza kuachwa ndani au kuondolewa, nazo ndizo zinazoandika sehemu ya nje ya protini iliyo mbali zaidi na utando. Zikiondolewa zote unapata fupi kuliko zote, RO. Ikibaki ile inayoitwa A unapata RA. Eneo la fosfatesi kwa ndani halibadiliki. Seli T ambayo haijawahi kukutana na antijeni yake kwa kawaida ina RA, na ikishakutana na kuwa ya kumbukumbu inahamia RO.

MamaMaabara_Arua

Marahaba mwanangu. Bwana wa Mbale amelimaliza la jeni, mimi nichukue la wagonjwa.

Linahusu sana. Virusi vya Ukimwi vinapojificha kwa mtu anayemeza ARV vizuri, maficho makubwa yanayojulikana ni seli za CD4 za kumbukumbu zilizopumzika, na hizo kwa sehemu kubwa ni zenye CD45RO. Virusi vimejishona kwenye DNA ya seli, seli imelala, haitoi virusi, dawa haina cha kuzuia. Seli ile ikija kuamshwa, virusi navyo vinaamka. Watafiti walionyesha hayo mwaka 1997 kwa wagonjwa ambao kipimo cha damu kilikuwa hakioni virusi.

Sasa unganisha na tuliyosema. Kuamka kwa seli ya kumbukumbu kunapita kwa LCK na CD45 yake. Njia ileile ya ishara inayotulinda na surua tuliyokwisha kuugua ndiyo inayoviamsha virusi vilivyolala. Mzee akija kwangu na jibu la maabara ya taifa ya Butabika, Kampala, linalosema virusi havionekani, akauliza kama sasa anaweza kuacha dawa, simtajii tairosini. Namwambia vipo, vimelala ndani ya seli zinazokumbuka magonjwa ya zamani, na seli hizo huishi miaka. Wananielewa vizuri mno. Wahudumu wengi huwaambia tu "usiache dawa" bila sababu, na mtu mzima anastahili kupewa sababu.

PatholojiaKLA

Habari zenu. Niongeze kutoka upande wa hadubini, kwa sababu sisi nasi tunaitumia protini hiyo, ila tunaiita LCA.

Mtoto analetwa na uvimbe wa taya au wa tumbo. Kipande cha nyama chini ya hadubini ni seli ndogo za mviringo, za buluu, zimejazana. Inaweza kuwa limfoma, inaweza kuwa neuroblastoma (saratani ya seli changa za neva), inaweza kuwa saratani ya misuli. Matibabu ni tofauti kabisa. Mojawapo ya rangi za kwanza tunazopaka ni LCA. Utando ukigeuka kahawia, ni ukoo wa seli nyeupe na tunaelekea limfoma. Uganda hili lina uzito wake: Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, ndiye aliyeueleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, na limfoma ya Burkitt bado tunaiona. Ni saratani inayokua haraka ajabu, lakini inaitikia dawa. Ukikosea jina la ugonjwa unampoteza mtoto ambaye angepona.

Angalizo: LCA isipoonekana haimaanishi moja kwa moja kwamba si ukoo wa damu. Seli kubwa za Reed-Sternberg katika ugonjwa wa Hodgkin wa aina ya klasiki, ambao nao ni limfoma, kwa desturi hazina CD45, na seli za plazma mara nyingi zimeipoteza. Usiitegemee peke yake.

MaabaraTororo

Asanteni sana. Ijumaa nitaanza na LCK, kisha mlango wa Koboko.

Swali la mwisho, ni la kazini. Hivi majuzi kwenye skrini niliona kundi la seli lenye CD45 hafifu, mtawanyiko wa pembeni mdogo, limekaa kushoto kwa limfosaiti. Mashine ikatoa namba ya CD4 kama kawaida. Ni damu iliyozeeka njiani au ni nini?

MamaMaabara_Arua

Usiiache hiyo ipite hata kama namba imetoka.

Anza na damu yenyewe: ilitolewa saa ngapi, ilikaa wapi, je, ilipigwa na jua kwenye pikipiki? Seli zinazokufa hupoteza mng'ao na kutapakaa, mara nyingi kama mkia usio na umbo. Vilevile hakikisha seli nyekundu zilipasuka vya kutosha, na kwamba ulitia kingamwili kwa kipimo sahihi.

Lakini likiwa ni kundi lililojikusanya, CD45 hafifu na mtawanyiko mdogo, hapo ndipo seli changa hukaa, blasti. Seli ikiwa changa kwenye uboho CD45 yake huwa chache na huongezeka inavyokomaa. Kwenye damu ya mkononi hazitakiwi kuwepo kundi zima. Inaweza kuwa lukemia, na mgonjwa wa Ukimwi naye hupata lukemia kama mtu mwingine. Kipimo cha CD4 hakikutengenezwa kutambua hilo, kwa hiyo usiandike ugonjwa kwenye jibu.

Tengeneza kioo cha damu kutoka tyubu hiyohiyo ya EDTA leo, kipake rangi, kitazame mwenyewe na mwombe mwenzako akitazame bila kumwambia unachowaza. Fanya hesabu kamili ya damu. Ukiona seli changa, mpigie simu daktari wa wodi, usingoje karatasi ifike, na mgonjwa aelekezwe Taasisi ya Saratani pale Mulago. Na ile picha ya skrini ihifadhi, usiifute mashine ikijaa. Umesema ni hivi majuzi, basi namba ya sampuli bado iko kwenye daftari. Mtafute mgonjwa huyo kesho asubuhi, kisha utuandikie hapa.

MaabaraTororo

Namba nimeipata, simu ya kituo cha afya alikotoka ninayo. Nawapigia saa mbili asubuhi.